Kinanda Kimegoma? Anzia Ukutani Kabla ya Kushika Bisibisi

Vinanda vingi ninavyoletewa hapa Moshi vikiwa "vimekufa" huwa havijafa. Kimoja kimechomekewa adapta ya kifaa kingine, kingine kina kiplagi cha hedifoni kilichosahaulika nyuma, kingine mtu alibonyeza kitufe asichokijua kwenye mazoezi ya Jumamosi na Jumapili waimbaji wakashindwa kufika juu. Vile vilivyokufa kweli, vingi viliuawa na bisibisi. Vilifunguliwa kabla ya kukaguliwa, kebo nyembamba ikang'oka, skrubu zikapotea, na tatizo dogo likazaa makubwa.

Kwa hiyo mwongozo huu una njia moja tu: anzia ukutani, fuata waya, njoo kwenye vitufe, na ndani uingie mwisho. Usiruke hatua hata kama jirani yako ana uhakika kwamba "bodi imeungua".

Nikisema kinanda nina maana ya piano za kidijitali zenye vibao 88 vizito, na pia zile kibodi nyepesi za vibao 61 zilizojaa kwenye kwaya zetu kuanzia Ngaramtoni mpaka Himo. Matatizo yake yanafanana sana. Vibao ni vile vyeupe na vyeusi vya kupigia. Vitufe ni vya kuchagua sauti, midundo na mipangilio.

Hakiwaki kabisa

Chomoa kinanda, chomeka chaja ya simu kwenye tundu lilelile. Simu haipokei chaji? Basi kinanda hakina kosa. Ekstensheni za kanisani huteseka: zinakanyagwa, zinavutwa na mtu wa mitambo, zinabebeshwa amplifaya na birika la chai kwa pamoja. Jaribu tundu la ukutani moja kwa moja. Kama plagi ni ya pini tatu za mraba, ndani yake mara nyingi kuna fyuzi ndogo. Ifungue, itoe, weka nyingine ya kiwango kilekile. Kuzungushia fyuzi karatasi ya sigara inayong'aa ni kuondoa ulinzi wote uliokuwepo, na wapo wanaofanya hivyo mpaka leo.

Baada ya hapo ni adapta, na hapa ndipo ninapokuomba usome polepole, maana ndipo vinanda vingi vinapoungulia. Geuza kinanda, tafuta karibu na tundu la umeme maandishi madogo. Utaona volti, utaona ampea au miliampea, na utaona mchoro wa kiduara chenye alama ya kujumlisha upande mmoja na kutoa upande mwingine. Kisha soma adapta yenyewe, sehemu iliyoandikwa OUTPUT.

Volti lazima zilingane. Ampea za adapta ziwe sawa au zaidi. Zikizidi hazidhuru, kwa sababu kinanda huchukua kile kinachohitaji tu. Zikipungua, kinanda kitawaka vizuri, taa zote zitang'aa, halafu ukiongeza sauti au ukiwasha mdundo wenye besi nzito kinazima na kujiwasha upya. Ukiona tabia hiyo, usifikirie bodi. Fikiria adapta dhaifu.

Mchoro wa kiduara unakuambia katikati ya ncha ni chanya au hasi. Yamaha nyingi ndogo, ikiwemo piano ya kidijitali ya P-45, hutumia volti 12 na katikati ni chanya. Casio za zamani zinazotumia adapta ya AD-5 ni volti 9 na katikati ni hasi, yaani kinyume chake. Sasa chukua adapta ya king'amuzi ya volti 12, ichomeke kwenye Casio ya namna hiyo: volti zimezidi na ncha zimegeuka, makosa mawili kwa mpigo mmoja. Baadhi ya vinanda vina dayodi ya kujikinga ambayo hufa kwanza ili kuokoa vingine, na hiyo fundi hubadilisha kwa gharama ndogo. Vingine havina. Ncha kuingia vizuri kwenye tundu haina maana kwamba adapta ni yake.

Kuna mtego mwingine kwa wanaonunua mitumba. Umeme wa Tanzania ni volti 230, mzunguko wa hezi 50. Umeme wa Japani ni volti 100. Kinanda kilichotengenezwa kwa soko la Japani, hasa zile piano kubwa zenye kabati ambazo waya wa umeme unaingia moja kwa moja bila adapta ya nje, kikichomekwa kwenye ukuta wetu bila transfoma ya kushusha umeme kinaungua pale pale, na kwa kawaida moshi unauona. Plagi yenye pini mbili bapa ndiyo ishara ya kwanza. Muuzaji atakubadilishia plagi akuambie tayari. Plagi haibadilishi volti. Soma bamba la nyuma: kama imeandikwa 100-240V uko salama, kama imeandikwa 100V peke yake, nunua transfoma kwanza, na iwe na wati zinazozidi zile za kinanda.

Ukiwa na mita ya kupimia umeme, pima ncha ya adapta. Adapta nyepesi za kisasa zinatakiwa zisome karibu sana na kilichoandikwa. Zile nzito za zamani zenye transfoma ndani zinaweza kuandikwa 12 na kusoma hata 16 zikiwa hazijabeba mzigo. Hilo ni jambo la kawaida. Ikisoma sifuri, shika waya karibu na ncha, ukunjekunje taratibu huku unaangalia mita. Namba zikiruka, waya umekatikia ndani.

Adapta nzima, lakini kinanda kinawaka ukisukuma ncha upande mmoja tu? Hapo tundu lenyewe limelegea kwenye bodi. Kwaya inayosafiri kwa Noah au Fuso huku adapta imeachwa imechomekwa lazima ifike hapo. Dawa yake ni kulehemu upya, kazi ya dakika chache kwa fundi yeyote wa redio mwenye mkono mtulivu. Gundi na kipande cha mti havisaidii.

Kama kinanda chako kinatumia betri, weka mpya zote kwa pamoja ukijaribu. Kikiwaka kwa betri na kikakataa kwa umeme, umeshajua tatizo liko upande gani. Betri zikiwa zimevuja na kuacha ungaunga mweupe kwenye springi, safisha kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa siki kidogo, kausha, ndipo uweke mpya.

Kinajizima chenyewe

Hili limewatoa jasho wapigaji wengi. Mahubiri yamenoga, mchungaji anasema "kwaya isimame," mpigaji anabonyeza, kimya. Mtu wa mitambo analaumiwa, TANESCO inalaumiwa. Ukweli ni kwamba vinanda vingi vya sasa vina utaratibu wa kujizima visipoguswa kwa muda fulani ili kuokoa umeme. Yamaha P-45 na P-125 hujizima baada ya dakika 30 kiwandani zilivyopangwa. Kuzuia: zima kinanda, shikilia kibao cha kwanza kabisa upande wa kushoto, washa huku umekishikilia. Kibodi nyingi za Yamaha za PSR-E hufuata njia hiyohiyo. Kwenye aina nyingine tafuta maneno Auto Power Off kwenye menyu.

Kinawaka, hakina sauti

Angalia kitufe cha sauti. Ndiyo, najua. Angalia hata hivyo.

Kisha pitisha mkono kwenye matundu ya hedifoni, mbele au nyuma. Kiplagi chochote kikiwa mle ndani, hata kile kipande cha kuunganishia peke yake bila waya, spika za kinanda hukatwa. Kama hakuna kitu na bado spika ziko kimya lakini ukivaa hedifoni unasikia, basi kile kiswichi kidogo ndani ya tundu kimenata. Ingiza plagi ya hedifoni na kuitoa mara kumi, kumi na tano, kwa haraka, kinanda kikiwa kimezimwa. Wengi huponea hapo.

Kama hata hedifoni hazina kitu, jiulize kama mtu alikiunganisha na kompyuta kurekodi. Kuna mpangilio unaoitwa Local Control: ukizimwa, vibao hupeleka ujumbe kwenye kompyuta tu, na sauti ya ndani ya kinanda haiguswi. Taa zinawaka, vitufe vinafanya kazi, vibao havisemi neno. Kwenye vinanda vingi kuzima na kuwasha tena kunarudisha hali ya kawaida. Isipokuwa hivyo, utaukuta kwenye menyu ya MIDI, yaani lugha ambayo vinanda na kompyuta hutumia kupeana ujumbe.

Kitufe cha sauti kinachokwaruza ukikizungusha kina vumbi ndani. Zima, kizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Kikirudia, kinahitaji dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya elektroniki, wala si mafuta ya cherehani.

Sauti ipo lakini si yenyewe

Mwalimu wa kwaya anasema wimbo uko G, unapiga G, wanaimba kama wamebanwa koo. Mtu amegusa transpozi, yaani kitufe cha kupandisha au kushusha kii ya kinanda kizima. Tena huku kwetu transpozi hutumika sana, kwa sababu wapigaji wengi wamejifunza kii moja au mbili na zote zilizobaki wanazipata kwa kubonyeza. Sina ugomvi nao. Ila anayebadilisha arudishe. Kwenye vinanda vingi ukibonyeza alama ya kujumlisha na kutoa kwa pamoja namba inarudi sifuri.

Kama kinanda kinatofautiana kidogo tu na filimbi au gitaa, chini ya nusu sauti, tazama mpangilio wa Tuning. Kawaida ni hezi 440 kwa nota ya A. Ukikuta 442 au 436, kuna mtu alipita hapo.

Kushoto kunalia besi na kulia piano? Split imewashwa. Sauti mbili zinalia kwa pamoja? Dual au Layer. Vibao vyote vinalia kwa nguvu ileile hata ukigusa kwa upole? Mpangilio wa mguso, Touch, umewekwa Fixed au Off. Nasisitiza neno "vyote", kwa sababu kikiwa kimoja au viwili tu, hilo si la mipangilio na nitalifikia.

Nota zinazokatika katikati ya wimbo ukikanyaga pedali muda mrefu mara nyingi si ugonjwa. Kila kinanda kina idadi ya sauti kinazoweza kutoa kwa wakati mmoja: P-45 ni 64, P-125 ni 192, na kibodi nyingi ndogo ziko chini ya hapo. Ukiwasha sauti mbili pamoja na mdundo, hesabu inakwisha haraka, na kinanda kinaanza kuzima nota za zamani ili kipate nafasi. Punguza sauti moja, utaona.

Ukishindwa kabisa kujua kilichoguswa, rudisha mipangilio ya kiwandani. Kwenye P-45 na P-125 unashikilia kibao cha mwisho kabisa kulia huku unawasha. PSR-E nyingi vilevile, kwa kibao cheupe cha mwisho kulia. Lakini ukiongeza na vibao vitatu vyeusi vya mwisho, kibodi hizo hufuta pia nyimbo na mitindo uliyoingiza kutoka kwenye kompyuta. Uliza kwanza kama kuna mtu ametunza kazi zake humo, maana hazirudi.

Pedali inafanya kinyume

Ukiachia pedali ya sasteni, ile ya kurefusha sauti, sauti inaendelea, ukikanyaga inakatika. Zima kinanda. Ondoa mguu. Hakikisha pedali imeingia mpaka mwisho. Washa. Basi. Vinanda vingi husoma pedali wakati wa kuwaka, na ukiwasha huku umeikanyaga, au ukiichomeka baada ya kuwasha, vinaelewa kinyume. Isipopona, huenda pedali ni ya kampuni nyingine yenye mpangilio uliogeuka. Pindua uone kama chini ina swichi ndogo ya kuchagua.

Kibao kimoja kimekufa, au kimoja kinapiga kelele

Sasa tumefika ndani, na hapa ndipo penye utamu. Chini ya kila kibao kuna kofia ndogo ya mpira yenye vidoti viwili vyeusi vya kaboni. Kwenye piano nyingine za karibuni utakuta vitatu. Ukibonyeza, kidoti cha kwanza kinagusa bodi kabla ya cha pili. Kinanda kinapima muda uliopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili: muda mfupi maana yake umepiga kwa nguvu, muda mrefu maana yake umegusa kwa upole. Hakuna kifaa kinachopima uzito wa kidole chako. Ni muda tu.

Ukielewa hilo, ugonjwa unajieleza. Vumbi likikaa kwenye kidoti kimoja, kinanda hakipati miguso miwili inayoeleweka: ama kibao hakilii, ama kinalia mara moja moja, ama kinalia kwa nguvu zote hata ukikigusa kama unamgusa mtoto aliyelala. Vibao vya katikati huugua kwanza kwa sababu ndivyo vinavyopigwa.

Kabla ya kufungua, piga vibao vyote kimoja kimoja na uandike vinavyosumbua. Vikiwa viwili vitatu vilivyo jirani, ni vumbi au kitu kimeangukia humo. Vikiwa vinajirudia kwa mpangilio, mathalani kila cha sita au cha nane, kinanda kizima, tatizo ni kebo bapa, kiungo chake au dayodi kwenye bodi, kwa sababu vibao husomwa kwa makundi kupitia nyaya chache. Hilo la pili mwachie fundi. Hilo la kwanza unaweza mwenyewe, kama kinanda hakina tena dhamana ya duka na kama una subira.

Chomoa kila kitu, toa betri. Tandika blanketi mezani, lalisha kinanda kifudifudi. Piga picha kwa simu kila hatua. Skrubu za kinanda zina urefu tofauti, na ndefu ikirudishwa mahali pa fupi hutoboa kitu. Chora umbo la kinanda kwenye boksi la katoni na uchomeke kila skrubu mahali pake. Ukiinua kifuniko, inua taratibu, maana nyaya za spika na kebo bapa zinaunganisha nusu mbili. Kebo bapa huvutwa kwenye kichwa chake, kamwe si kwenye utepe.

Kwenye kibodi nyepesi vibao huja kwa ukanda, oktavu nzima pamoja, na kazi inakwenda vizuri. Piano ya vibao vizito ni habari nyingine: kila kibao kina nyundo yake, kuna springi, kuna grisi, na kuna mpangilio wa kutoa kimoja kabla ya kingine. Kama hujawahi kufungua hata redio, isiwe hii ya kwanza.

Ukifika kwenye mipira, itoe kwa kuvuta taratibu vile vipini vyake vidogo vilivyopenya kwenye bodi. Futa sehemu nyeusi za bodi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilichoguswa na spiriti ya aizopropili, ile ya asilimia 90 kwenda juu wanayotumia mafundi simu. Vidoti vya mpira vifute kwa kitambaa kikavu au chenye unyevu kidogo wa maji, bila kusugua, maana kaboni hiyo ikitoka hairudi. Acha vikauke kabisa. Petroli, thina, mafuta ya taa na msasa viweke mbali; nimefungua vinanda ambavyo njia nyeusi za bodi zilikwishafutika kwa msasa, na hapo hakuna tena cha kusafisha. Kupaka risasi ya penseli husaidia kwa wiki chache, kisha ungaunga wake unasambaa na kuleta shida kwa majirani.

Kama mpira wenyewe umechoka au umepasuka, kuna ujanja ninaoupenda. Kwaya nyingi hazigusi oktavu ya juu kabisa. Ukikuta ukanda wa mpira wa juu una umbo na idadi sawa na wa katikati, vibadilishane. Mpira mzima unakwenda panapofanya kazi, uliochoka unapumzika pembeni, na hujatoa shilingi.

Unaporudisha, sukuma kila kipini mpaka kilale sawasawa kwa kutumia kitu butu. Mpira uliokaa upande hufanya kibao kiwe kigumu au kisirudi juu. Jaribu kabla ya kufunga skrubu zote. Ukiwa na programu ya MIDI kwenye simu, itakuonyesha namba ya nguvu ya kila mguso, kuanzia 1 hadi 127, na kibao ambacho bado kinaruka moja kwa moja hadi 127 utakiona bila kubishana na masikio.

Kibao kilichonata mara nyingi hakihitaji hata hayo. Nimetoa ndani ya vinanda sarafu, vibanio vya karatasi, pipi, na mayai ya mende. Geuza kinanda, kitikise kwa upole, brashi laini ipite katikati ya vibao. Kikimwagikiwa chai ya maziwa, zima na uchomoe saa hiyohiyo, kigeuze kimwage, na usikiwashe tena mpaka kimefunguliwa na kusafishwa. Sukari iliyokauka hunata, na maziwa pamoja na umeme hula shaba.

Kugonga "tak tak" kwa vibao huku vinalia sawasawa ni kitambaa cha ufelti chini yao kilichobonyea. Kinaudhi, hakidhuru.

Mngurumo kwenye mitambo

Kinanda kikiwa peke yake ni safi, kikiunganishwa na miksa kinanguruma. Jaribu betri kama kinazo: mngurumo ukipotea, adapta ndiyo chanzo. Kama kuna kompyuta iliyounganishwa kwa USB, chomoa chaja yake usikie tofauti. Hakikisha kinanda na miksa vinapata umeme kutoka ekstensheni moja, maana kuchukua umeme pande mbili za ukumbi ndiko kunakozaa huo mngurumo mara nyingi. Ukishindwa, kisanduku cha DI, kile kinachowekwa kati ya kinanda na miksa, chenye swichi ya kukata ardhi kinamaliza kazi. Usikate pini ya ardhi ya plagi. Hiyo ndiyo inayokuokoa siku amplifaya ikipiga shoti. Ile "titi-titi-titi" ni simu iliyowekwa juu ya kinanda.

Kuna kosa moja ninalolisikia karibu kila ukumbi, nalo halitajwi. P-45 haina tundu la kutolea sauti zaidi ya la hedifoni, ambalo ni la stirio. Mtu anachukua waya wenye plagi za stirio pande zote mbili, anauingiza kwenye tundu la miksa. Miksa nyingi husoma waya huo kama jozi ya ishara zinazopingana, kwa hiyo kila kilicho sawa kushoto na kulia kinafutana. Kinachobaki ni piano nyembamba, ya mbali, utadhani inapigwa chumba cha pili. Mtu wa mitambo anaongeza besi, haisaidii. Tumia waya unaogawanyika kutoka stirio kwenda mono mbili, kila moja kwenye chaneli yake. Kinanda chenye matundu ya kutolea sauti, kama P-125, kitumie tundu la kushoto peke yake ukiwa na chaneli moja. Sauti ya kinanda iwe karibu robo tatu, kisha miksa iongezwe taratibu.

Kwa simu na kompyuta, nenda kwa waya. USB ya kinanda kwa kawaida ni ile ya mraba kama ya printa, na simu itahitaji kiunganishi cha OTG, kile kinachoruhusu kifaa cha USB kuchomekwa kwenye simu. Spika ya bluetooth huchelewesha sauti, na ukiisikia inachelewa usihangaike na mipangilio, ndivyo ilivyo.

Umeme, vumbi na baridi ya huku

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke, kwa sababu ule mruko wa kwanza ndio unaoua adapta. Kwenye mkutano wa nje unaotumia jenereta, iache iungurume kwanza, mita isome karibu na 230, kisha chomeka kinanda. Na jenereta isizimwe kwa kuishiwa mafuta huku vyombo vimewashwa. Wakati wa masika, radi ikianza, chomoa umeme na pia nyaya zinazokwenda kwenye miksa, kwa sababu njia hiyo nayo inapitisha.

Vumbi la Kisongo na la upande wa chini wa Moshi, huko Pasua na kuelekea Njia Panda, huingia hata kwenye kinanda kilichofunikwa, hasa kama kimefunikwa kwa kile kitambaa cha kufuma chenye matundu. Kinapendeza sebuleni, lakini vumbi linapita kama hakuna kitu. Shuka au kitenge kizito ni bora zaidi. Kule Marangu, Kibosho au Ilboru mwezi wa saba, kinanda kilichosafiri usiku nyuma ya pikapu kikaingizwa kwenye ukumbi wenye watu hutoa jasho ndani. Kiache bila kuwasha kama saa moja.

Ikibidi fundi

Mpelekee kinanda pamoja na adapta yake na pedali yake. Fundi aliyeletewa kinanda kitupu atakijaribu kwa adapta yake, kiwake, akwambie kizima. Mwandikie kwenye karatasi: kilianza lini, kibao kipi, kinatokea kikiwa baridi au kikishapata moto, na umekwishajaribu nini kati ya haya. Kama umekifungua, mwambie. Muulize kabla ya kumwachia kama ameshawahi kufungua kinanda chenye vibao vizito au redio na televisheni tu, na kama anakilehemu yeye mwenyewe au anampelekea mwingine. Mkubaliane bei ya ukaguzi kando na bei ya kazi. Piga picha namba ya kinanda iliyoko chini, na siku ya kukichukua kijaribu pale pale mezani kwake, kibao kwa kibao kutoka kushoto hadi kulia, polepole kisha kwa nguvu, na umwombe akurudishie kifaa cha zamani alichokitoa.